Mwani Umehamia Maji Makuu, Tusimwache Mama Ufukweni



Ukitaka kuwaona wakulima wa Zanzibar wakiwa kazini, usiishie kwenye mabonde ya mpunga. Nenda Paje, Bwejuu au Jambiani siku za bamvua, maji yanapokupwa mpaka mwamba ukaonekana. Utawakuta wanawake wametapakaa kwenye mchanga mweupe, kanga zimekazwa viunoni, migongo imeinama. Huyu anapigilia vigingi, yule anafunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa taitai, kimoja baada ya kimoja. Maji yakianza kujaa, hutoka na magunia yanayochuruzika, wakayabeba mpaka nchi kavu, wakaanika. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hukauka zikabaki kilo moja ya kuuza.

Kazi hii ilianza kwetu kama kilimo cha biashara mwaka 1989, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Kabla ya hapo, mwanamke wa pwani ya mashariki alikuwa akifukia makumbi baharini, akisubiri miezi mingi yaoze, kisha akiyaponda na kusokota kamba za usumba kwa malipo madogo. Mwani ulipokuja, wanaume nao waliujaribu. Bei ilipokuwa ndogo na kazi nzito, wengi wao walirudi kwenye uvuvi, na baadaye kwenye hoteli za watalii. Wanawake wakabaki. Leo katika kila wakulima kumi wa mwani Zanzibar, wanane hivi ni wanawake.

Na hawakubaki bure. Kwa mwani wamenunua sare za skuli, wameezeka bati, wamenunua vitanda na mashine za kushonea. Wengi wao, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, walishika fedha ambazo hawakulazimika kuziomba kwa mtu. Mwani wenyewe husafirishwa Denmark, Ufaransa, Marekani na Uchina, ukakamuliwa karajinani, ile gundi asilia inayofanya dawa ya meno iwe nzito na aiskrimu isitengane. Huenda asubuhi ya leo wewe mwenyewe umepiga mswaki kwa jasho la mama wa Pemba au Unguja.

Nakuandikia kwa sababu mwani huo sasa unaugua, na dawa yake inajulikana. Kinachotuzuia kuitumia ni mipaka tuliyoiweka sisi wenyewe kati ya mwanamke na bahari.

Bahari imepata moto

Mkulima wa mwani hapa kwetu anazijua mbegu mbili: spinosamu na kotonii. Spinosamu ni ngumu, huvumilia, lakini bei yake ni ya chini. Kotonii ina karajinani bora, nayo huuzwa mara mbili ya bei ya mwenzake, na pengine zaidi. Mama aliyekuwa na kamba mia za kotonii alikuwa tajiri kijijini kwake.

Tatizo la kotonii ni kwamba haipendi maji ya moto. Hustawi maji yakiwa na joto la wastani. Siku hizi, katika msimu wa kaskazi, jua linapoyapiga maji ya kina kifupi wakati yamekupwa, yamepimwa yakifikia nyuzi 35 na zaidi. Hapo mwani huzidiwa na vijidudu. Matawi hugeuka meupe, hulegea, hukatika, yakachukuliwa na mkondo. Mama hushuka asubuhi akakuta kamba tupu zinacheza majini, na kazi ya wiki sita imekwisha. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kotonii imekufa katika sehemu kubwa ya mashamba ya Unguja, na wakulima wengi wamebaki na spinosamu ya bei ndogo. Nayo spinosamu haiko salama. Mwaka 2015 Zanzibar ilivuna zaidi ya tani 16,000 za mwani. Miaka minne baadaye mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 10,000.

Mama wa Jambiani hana kiwanda kinachotoa moshi. Hana gari, wala hapandi ndege. Kwenda shambani hutembea kwa miguu. Lakini hesabu ya moshi wa dunia unaoipasha bahari moto, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kuilipa. Hiyo ni dhuluma ya mwanzo, nayo imetoka mbali na sisi. Ya pili imo mikononi mwetu.

Dawa iko kwenye kina

Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar, na miongoni mwao Dkt. Flower Msuya ambaye ameshughulikia mwani kwa miaka mingi, walifanya kazi bega kwa bega na wakulima kutafuta njia. Wakaipata kwenye maji makuu. Pale kina kinapozidi, maji hayapati moto kama ya ufukweni, mawimbi husafisha matawi, na kotonii hurudi kustawi. Wakajaribu kuipanda ndani ya nyavu zilizoshonwa mfano wa mirija, ili mkondo usiing'oe. Njia hiyo ilionyesha kuwa inawezekana.

Inawezekana kwa nani? Ndipo wito wangu unapoanzia.

Samaki anapohama, mvuvi humfuata. Ana ngalawa, au ana rafiki mwenye dau, na alijifunza kuogelea tangu akiwa mtoto wa kuruka gatini. Mwani nao umehama. Mama aliyeulea kwa miaka thelathini anafika maji ya kiuno, anasimama. Hana chombo. Hajui kuogelea. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mbele ya hapo pia ni kwake. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mtu ambaye hakufundishwa kuogelea, maji ya kifuani ni bahari kuu.

Joto limepanda kwa wote sawasawa. Lakini tulikwisha kugawana bahari zamani: maji makuu kwa mwanamume, maji mafupi kwa mwanamke. Mwanamume akapewa jarife, mshipi na chombo. Mwanamke akapewa chaza, pweza wa mwambani na makumbi ya kufukia. Mgawanyo huo ulipowekwa haukuwa na nia mbaya, na maji mafupi yalikuwa yakilisha. Sasa maji mafupi ndiyo yanayochemka. Desturi ambayo jana ilikuwa utaratibu wa kazi tu, leo imekuwa ukuta kati ya mama na riziki yake.

Kisa hiki si cha Zanzibar peke yake. Tanga, Bagamoyo, Mafia, Lindi na Mtwara wanalima mwani. Kule Kibuyuni, katika kaunti ya Kwale nchini Kenya, ni akina mama vilevile walioshika kamba. Na mbali zaidi, historia imekwisha kutuonyesha gharama ya kumweka mwanamke mbali na ujuzi wa maji. Kimbunga kilipoipiga Bangladesh mwaka 1991, watu wapatao 140,000 walikufa, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Wengi walibaki majumbani na watoto wakisubiri ruhusa ya kutoka. Wengi hawakujua kuogelea. Upepo haukuchagua jinsia. Malezi yalikuwa yamekwisha kuchagua kabla yake.

Tuwafundishe kuogelea

Wito wangu wa kwanza ni kwenu walimu, wazazi na viongozi wa dini: tuwafundishe mabinti zetu kuogelea.

Sisi ni watu wa visiwa. Meli ya Spice Islander ilipozama mwaka 2011, na Skagit mwaka uliofuata, hapakuwa na mtaa Unguja wala Pemba uliokosa matanga. Kuogelea hakuokoi kila mtu katika msiba kama ule. Lakini kisiwa ambacho nusu ya watu wake hawajui kuogelea kimewaacha watu wake mikono mitupu mbele ya kitu kinachowazunguka pande zote.

Nasikia hoja ya heshima, na ninaiheshimu. Mzazi anauliza: binti atavaa nini, na nani atamfundisha? Ni maswali ya haki, na yana majibu. Kule Nungwi, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo zinazositiri mwili mzima, tena wanawake wa hapohapo wakafunzwa kuwa walimu. Dini haikuvunjwa wala stara haikuvuliwa. Na wengi wetu tumelelewa tukisikia usia unaonasibishwa na Sayyidna Umar, wa kuwafundisha watoto kuogelea. Usia ule haukusema watoto wa kiume tu.

Mwalimu mkuu wa skuli iliyo hatua mia kutoka ufukweni, huhitaji bwawa la vigae. Unahitaji mwalimu wa kike mmoja aliyefunzwa, madumu matupu ya kuelelea, na saa moja ya maji yaliyotulia. Sheikh wetu, neno lako moja msikitini, kwamba binti kujua kuogelea ni kuihifadhi nafsi, litafungua milango ambayo semina kumi hazitaifungua. Na mama mtu mzima asiambiwe kuwa umri umempita. Aliyeweza kuhesabu bamvua na maji mafu kwa miaka thelathini bila kalenda hashindwi kujifunza kuelea.

Boti iwe na jina la mwenyewe

Wito wa pili ni kwenu mnaopanga na kugawa. Serikali ya Mapinduzi imeuweka uchumi wa buluu mbele tangu mwaka 2020, na katika miaka ya karibuni boti zimegawiwa kwa wakulima wa mwani. Hilo ni jambo la kushukuriwa kwa dhati. Lakini boti kufika kijijini ni nusu ya safari. Imeandikishwa kwa jina la nani? Nani anashika usukani? Mashine ikiharibika, nani anajua kuifungua, na mafuta yananunuliwa kwa mfuko upi?

Kikundi cha akina mama kikipewa boti lakini nahodha akawa ni wa kukodi, maji yakipwa na nahodha hayupo, shamba halifikiwi. Boti ikiandikishwa kwa jina la mume, siku ya talaka huondoka naye. Basi tuwafunze wanawake unahodha, na tuwafunze ufundi wa mashine. Hati ya chombo ibebe jina la kikundi au la mkulima mwenyewe. Na yeyote anayetaka kufadhili nyavu za maji makuu aanze na maboya ya kujiokolea na mafunzo ya usalama. Mama asipelekwe kwenye kina kwa pupa ya kuongeza tani.

Kwenu masheha na wapangaji wa ufukwe, kuna jambo moja zaidi. Pwani hii sasa ina hoteli, ina wageni wanaoteleza majini kwa matiara, ina boti za matembezi. Tunawapenda wageni, na vijana wetu wanapata ajira. Lakini shamba la mwani lisionekane kama taka inayomharibia mgeni picha yake. Njia ya kushukia, mahali pa kuanikia na eneo la kupandia vitengwe, viandikwe, vilindwe. Katika kikao kinachoamua hayo, wawemo wale wanaoyajua maji hayo kwa nyayo zao.

Bei na mizani

Wito wa tatu ni kwenu wanunuzi, na kwa kila mwenye sauti juu ya bei. Kwa miaka mingi mpango umekuwa huu: mnunuzi humpa mkulima kamba na taitai, na mkulima humuuzia yeye peke yake kwa bei anayoitaja yeye. Kamba ilimsaidia asiyekuwa na mtaji, lakini pia ilimfunga. Mwani ukifa kwa joto, hasara ni ya mkulima. Ukistawi, faida kubwa huvuka bahari na gunia.

Akina mama wameonyesha kwamba hawataki kubaki wauzaji wa magunia tu. Bweleo, Paje na kwingineko wanasaga mwani unga, wanatengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka. Kule Kidoti, kikundi kimoja kilijipa jina la Tusife Moyo. Jina hilo linasema yote. Basi nasi tuwape sababu ya kutokufa moyo: mikopo isiyodai dhamana ya shamba ambalo wengi wao hawana hati yake, mizani ya haki, bei itangazwe mapema kabla ya kupanda, na nafasi mezani pale bei inapojadiliwa. Nawe msomaji uliye mjini, au uliye ughaibuni na unatafuta zawadi ya kutoka nyumbani, nunua sabuni hiyo. Kipande kimoja kilichotengenezwa kijijini humwachia mama sehemu kubwa zaidi kuliko mwani mkavu anaouza kwa kilo.

Na nyumbani

Wito wa nne ni kwetu sisi akina baba, kaka na waume, nami najihesabu humo.

Mkulima wa mwani hafuati saa ya ukutani, hufuata mwezi. Maji yakipwa alfajiri, hushuka alfajiri. Yakipwa mchana wa jua kali, hushuka mchana. Lakini nyumbani tunamtaka afuate saa yetu: chai ya asubuhi, chakula cha mchana, maji ya kuoga ya jioni. Mvua za vuli zinapochelewa na kisima cha karibu kikaingia chumvi, ni yeye anayeongezewa mwendo wa kutafuta maji. Mtoto akiugua, ni yeye anayekosa bamvua. Na bamvua ikipita, mpaka nyingine ni wiki mbili.

Hapa hatuhitaji mfadhili. Mwanamume aliyelala baharini, akakata samaki wake na kuwapika mwenyewe chomboni, hawezi kudai kwamba hajui kupika. Tunajua. Kijana wa kiume anaweza kuchota maji. Baba anaweza kumwogesha mtoto. Magunia ya mwani mbichi yaliyolowa ni mazito, na kumpokea mama mzigo ufukweni hakumpunguzii mtu uanaume. Na fedha ikipatikana, tumwache mwenye jasho aipange. Pwani yote inajua fedha ya mwani ilivyojenga: imejenga kwa sababu ilikaa mkononi mwa anayeijua njaa ya nyumba yake.

Simdharau mvuvi. Naye bahari imembadilikia, naye anakwenda mbali zaidi kwa samaki wachache zaidi. Ndiyo maana nyumba yenye wafanyakazi wawili wa bahari, wote wawili wakijua kuogelea na kuendesha chombo, itahimili kaskazi kali kuliko nyumba inayomtegemea mmoja. Usawa ninaouomba haumnyang'anyi baba kitu. Unaongeza chombo cha pili katika nyumba moja.

Wahenga walituachia neno: ukiona vyaelea, vimeundwa. Tumezoea kulisema tukiyatazama majahazi. Hakuna jahazi lililoota lenyewe ufukweni. Palikuwa na fundi, mbao, misumari na siku nyingi za subira. Mvulana anayeelea hapo Forodhani jioni naye ameundwa, kwa kuachiwa tangu utotoni aruke, azame, aibuke. Dada yake hakuumbwa na mifupa mizito zaidi. Hakuundwa tu.

Basi, mwalimu, sheikh, sheha, mnunuzi, baba mwenzangu: chagua moja kati ya haya lililo mkononi mwako, ulianze mwezi huu. Kaskazi itarudi mwishoni mwa mwaka na maji yake ya moto. Itukute tumeshaanza kuunda.